Tusimtwike Mvuvi Mzigo Wote wa Ziwa Tanganyika



Ukipita katika mialo ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura na Rumonge hadi Nyanza-Lac, ukivuka ng'ambo ya pili Uvira na Kalemie, au ukishuka hadi Kigoma, utasikia sentensi mbili zikirudiwa kila mahali. Ya kwanza ni hii: "Samaki wamekwisha." Ya pili: "Wavuvi wamewamaliza samaki." Ninyi mnaojifunza sarufi mtaiona tofauti mara moja. Katika sentensi ya kwanza hakuna aliyetenda jambo. Samaki wamejiishia wenyewe, kama mafuta ya taa yanavyoishia kwenye chupa. Katika ya pili yupo mtenda, naye ni mmoja tu: mtu mwenye mtumbwi, wavu na taa.

Makala haya yanazipinga sentensi zote mbili. Ya kwanza inaficha sababu. Ya pili inamwonea maskini. Sentensi ya tatu, ambayo ndiyo ya kweli, ni ndefu na ina watenda wengi, na kwa kuwa ni ndefu watu hawapendi kuisema. Mimi nitaisema hapa, kipande baada ya kipande, kisha nitakuomba wewe uisome, uipime, na uirudie mbele za watu wanaofanya maamuzi kwa jina lako.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu neno moja. Neno "tabianchi" limeundwa kwa maneno mawili, tabia na nchi. Mvua ya leo alasiri ni hali ya hewa. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi: mvua zake huanza lini, kiangazi chake hudumu kwa muda gani, upepo wake huvuma kutoka wapi na kwa nguvu gani. Mtu hubadilisha hali yake kila siku, leo ana furaha, kesho ana huzuni. Lakini tabia yake ikibadilika, jamaa zake hushtuka. Ndivyo ilivyo kwa nchi, na ndivyo ilivyo kwa ziwa.

Ziwa lenye mlango mwembamba

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 670, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji yote yasiyo ya chumvi na yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia.

Ukubwa huo ndio unaotudanganya. Tunapotazama maji yanayokutana na mbingu tunajiambia kwamba kitu kikubwa namna hii hakiwezi kudhurika. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa mno ya ziwa hili haina samaki hata mmoja, wala haijawahi kuwa nao katika zama za watu. Maji yake yamepangwa kwa matabaka. Tabaka la juu lina mwanga, joto na oksijeni. Ukishuka mita 100 hivi upande wa kaskazini, au mita 200 hivi upande wa kusini, oksijeni inakwisha. Kutoka hapo hadi sakafuni, zaidi ya kilomita moja kwenda chini, samaki hawezi kupumua. Kwa hiyo dagaa, migebuka, sangara wa ziwani humu, konokono, kaa na samaki wote wa rangi unaowaona kwenye miamba wanaishi katika utando mwembamba wa juu, mfano wa malai juu ya chungu cha maziwa.

Hata hivyo maji ya chini hayapo bure. Ndiyo ghala la ziwa. Kila kiumbe kinachokufa juu huzama na kuoza, na virutubishi vyake, kama fosforasi, naitrojeni na silika, hukusanyika huko gizani. Ili ghala lifunguliwe panahitajika upepo. Kila kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, maji ya chini hupanda kuziba pengo, yakija na chakula. Upepo ukitulia, matabaka huyumba huku na huku kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa, na chakula kingine huchanganyika na maji ya juu. Mwani hustawi. Vijidudu vidogo sana hula mwani. Dagaa, ambao hapa Burundi tunawaita ndagala, hula vijidudu hivyo. Mgebuka, ambaye kwetu ni mukeke, hula dagaa. Nasi tunawala wote wawili, pamoja na ugali.

Huo ndio mnyororo mzima. Angalia pete yake ya kwanza: haishikwi na mvuvi, wala serikali, wala mfanyabiashara. Inashikwa na upepo na joto.

Joto linafunga ghala

Maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Mtu aliyechanganya maji ya kuoga ndooni bila kuyakoroga analijua jambo hili kwa mkono wake: juu yanaunguza, chini ni ya baridi. Kadiri tofauti ya joto kati ya juu na chini inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kuyachanganya. Na kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa nchi za joto. Maji ambayo tayari yana nyuzi 25 au 26, yakiongezewa joto kidogo tu, hubadilika uzito zaidi kuliko maji ya baridi ya maziwa ya Ulaya yakiongezewa joto hilohilo. Ongezeko ambalo mtu wa kule angeliona dogo, kwetu linatosha kuubana mlango wa ghala.

Hili limepimwa. Mwaka 2003 majarida mawili makubwa ya sayansi duniani, Nature na Science, yalichapisha tafiti kuhusu ziwa letu. Zote zilionyesha kwamba maji yalikuwa yamepata joto katika karne ya 20 na kwamba mchanganyiko wa matabaka ulikuwa umepungua. Watafiti wa mojawapo walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo ungeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza tope la sakafuni walionyesha kwamba joto la uso wa ziwa la karne ya 20 lilikuwa limezidi lile la miaka 1,500 iliyotangulia.

Tafakari maana yake. Mvuvi wa Rumonge hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji, hungoja dagaa wakusanyike mwangani, huinua wavu, na hurudi alfajiri na ndoo chache. Anajua idadi ya ndoo alizopata baba yake. Anajiuliza amekosea wapi. Hakuna anayemweleza kwamba chini ya mtumbwi wake kuna ghala lililojaa, na kwamba kinachokosekana ni mkono wa kulifungua.

Viumbe wasio na pa kukimbilia

Tukiongelea samaki tu kama kitoweo tutakuwa tumesema nusu ya habari. Ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wengi wao ni wadogo, wanaishi kwenye miamba ya pwani, na hawathubutu kuvuka mchanga mpana au maji ya kina. Ndiyo sababu jamii moja inaweza kuwa na rangi ya njano katika mwamba huu, na rangi nyekundu katika mwamba wa mbele. Majike wa jamii nyingi huyaatamia mayai yao kinywani, na watoto wakishaanguliwa bado humkimbilia mama mdomoni wanapoogopa. Wako konokono wenye magamba manene na miiba ambao wanasayansi wa karne ya 19 walidhani ni masalia ya bahari.

Mnyama wa mlimani akiona joto limezidi hupanda juu zaidi, ikiwa bado kuna mlima. Ndege huhama. Konokono wa Tanganyika atakwenda wapi? Juu yake kuna maji yanayozidi kupata joto. Chini yake kuna maji yasiyo na hewa, na mpaka wa maji hayo unapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika maeneo yaliyochunguzwa, sakafu yenye oksijeni, yaani makazi ya viumbe wa chini, imepungua kwa takriban asilimia 38 tangu mwaka 1946. Fikiria nyumba ya vyumba vitano ambayo viwili vimejaa moshi, na mlango wa kutokea haupo.

Hapo ndipo ilipo maana halisi ya mazingira dhaifu. Mahali huwa dhaifu pale ambapo viumbe wake wamezoea mpango mmoja kwa muda mrefu mno, na hawana mlango wa pili. Samaki hawa walikuwako kabla ya mwanadamu yeyote kusimama ufukweni. Wakipotea hapa wamepotea duniani. Hakuna ziwa lingine tunaloweza kwenda kuazima mbegu.

"Lakini wavuvi ni wengi mno!"

Nasikia mtu akinijibu: mwalimu, unawatetea wavuvi bure. Wamekuwa wengi, wanatumia nyavu za matundu madogo, wengine wanatumia hata vyandarua vya mbu, wanavuta kokoro kwenye mazalia ya samaki. Hoja hii nzito, na sitaikwepa. Ni kweli idadi ya wavuvi imeongezeka. Ni kweli kokoro huharibu viota, na chandarua hukamata watoto wa samaki kabla hawajazaa. Hata miongoni mwa wanasayansi ubishi ulikuwako: mwaka 2006 kundi moja la watafiti liliandika kwamba kupanda na kushuka kwa kiasi cha samaki wanaovuliwa kunaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko mabadiliko ya tabianchi.

Ubishi wa namna hiyo ni mzuri, kwa sababu hulazimisha ushahidi bora kutafutwa. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu za mwaloni zinahesabu vitu viwili kwa pamoja, ziwa na mvuvi, na ni vigumu kuvitenganisha. Utafiti wa mwaka 2016 nilioutaja ulikwenda mahali ambapo mvuvi hayumo: kwenye tope. Sakafuni mwa ziwa, mifupa na magamba ya samaki, pamoja na masalia ya mwani na konokono, hutandazwa mwaka baada ya mwaka kama kurasa za daftari. Watafiti walizisoma kurasa hizo na kukuta kwamba dalili za kupungua kwa samaki zilianza tangu karne ya 19, sambamba na kuongezeka kwa joto, kabla ya meli za uvuvi wa kibiashara zilizoingia miaka ya 1950. Mtuhumiwa alikuwa bado hajafika, na wizi ulikuwa umekwisha kuanza.

Sisemi kwamba uvuvi hauna kosa. Nasema kwamba uvuvi mkali umelikuta ziwa likiwa tayari limedhoofika, na ndiyo maana unauma zaidi. Mgonjwa mwenye homa akipigwa kofi ataanguka. Ukimkamata aliyepiga kofi, fanya hivyo kwa haki, lakini usiandike kwenye cheti kwamba homa haikuwepo.

Kufunga ziwa bila kumlisha mvuvi

Sasa tufike kwenye jambo linalozua ugomvi mialoni. Nchi nne za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Upande wa Tanzania, kwa mfano, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Mimi naunga mkono mapumziko hayo. Dagaa huishi kwa mwaka mmoja hivi na kuzaa kwa wingi. Ukiwaachia nafasi wanarudi upesi. Ukichelewesha wavu leo unavuna zaidi kesho.

Ninachokipinga ni namna tunavyogawana gharama. Kwa miezi mitatu mvuvi anaambiwa akae. Mwanamke anayeanika dagaa mchangani anakaa. Kijana anayebeba ndoo, fundi wa mitumbwi, muuza chai wa alfajiri, wote wanakaa. Ada ya shule haikai, wala njaa haikai. Serikali ikifunga ziwa bila kuwa na mpango wa chakula, wa mkopo nafuu au wa kazi ya muda, imewataka maskini walipe peke yao deni ambalo sehemu yake kubwa hawakulikopa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayesaini agizo ofisini, miezi mitatu ni mstari mmoja katika waraka. Kwa anayesubiri mwaloni, ni milo isiyopikwa. Na mtu mwenye njaa atavua usiku kwa siri, kwa wavu mbaya zaidi. Hivyo amri isiyo na huruma hujiharibia yenyewe.

Nani basi alikopa deni? Hewa inayolipasha ziwa joto ilitoka hasa kwenye viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri. Mrundi mmoja, kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe, anachangia chini ya kilo 100 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mmarekani mmoja anachangia zaidi ya tani 13, yaani zaidi ya mara 130. Hizi si hesabu za chuki dhidi ya mtu yeyote. Ni hesabu za shule ya msingi, za kugawanya. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2023 kule Dubai mfuko huo ulizinduliwa. Kwa maoni yangu, miezi mitatu ya mvuvi wa Tanganyika ni mfano ulio wazi wa hasara ambayo mfuko kama huo unapaswa kuifidia. Viongozi wetu waipeleke hoja hiyo mezani wakiwa na hesabu kamili: wavuvi wangapi, siku ngapi, chakula kiasi gani. Ombi lisilo na hesabu huitwa malalamiko.

Sisi nasi tusijifiche nyuma ya joto

Hapa nataka nigeuke, maana hoja yangu ina ncha mbili. Wako watu ambao, wakisikia kwamba kosa kubwa limetoka mbali, hufurahi. Neno "tabianchi" limekuwa kwao shuka la kujifunika. Barabara ikibomoka, ni tabianchi. Mfereji ukiziba kwa taka, ni tabianchi. Hivyo sivyo.

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019, wakati upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipopata joto lisilo la kawaida, zililijaza ziwa kupita kiasi. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuifunika Gatumba, na maelfu ya watu walikimbia nyumba zao. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia kwa ajili ya waliokumbwa na mafuriko. Ni kweli pia kwamba ziwa liliwahi kupanda sana zamani. Wazee wanaukumbuka mwaka 1964. Tofauti ni kwamba wakati ule ufukwe haukuwa umejaa nyumba kama leo, na vilima havikuwa vimevuliwa nguo kama leo.

Tazama maji ya pwani baada ya mvua: ni mekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu. Kilima kilichokatwa miti, kilicholimwa kutoka juu kwenda chini bila matuta, hushuka ziwani kikiwa tope. Tope hilo hutua juu ya miamba, hufunika mwani ambao samaki wadogo huutafuna, huziba nyufa wanamojificha na watoto wao. Samaki aliyebanwa na joto kutoka katikati ya ziwa anabanwa na tope kutoka pwani. Tope hili halikutoka Marekani.

Tena sheria ya maji ya Burundi imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani ambao haupaswi kujengwa. Tembea ufukweni uhesabu kuta, baa na nyumba za ghorofa zilizosimama ndani ya ukanda huo. Wavu wa maskini huchomwa moto hadharani, na picha hupigwa. Ukuta wa tajiri hupakwa rangi mpya. Sheria inayouona wavu na kuukosa ukuta ina ugonjwa wa macho, na raia wanaonyamaza ndio wanaoiacha bila miwani.

Jambo la mwisho katika orodha hii ya aibu ni mafuta. Nchi zinazolizunguka ziwa zimechora ramani za vitalu vya kutafuta mafuta katika bonde hilohilo. Kongo ilivinadi vingine mwaka 2022. Mtu hawezi kunyoosha mkono mmoja akiomba fidia ya joto, na kwa mkono wa pili akachimba kinachosababisha joto, tena ndani ya sahani anayolia. Maji ya Tanganyika hutoka ziwani polepole sana, kwa mto Lukuga karibu na Kalemie na kwa kufukizwa na jua. Kitakachomwagika humo kitakaa humo kwa vizazi.

Raia afanye nini?

Huenda unajiuliza: mimi ni mwanafunzi, nina daftari na kalamu, joto la dunia nitalizuia kwa nini? Peke yako hutalizuia. Lakini somo la uraia halikufundishi kuzuia mambo peke yako. Linakufundisha kudai, kushuhudia na kushirikiana.

Dai, kwa sababu una haki. Katiba ya Burundi inaitaka dola isimamie maliasili vizuri, ilinde mazingira na kuvihifadhi vitu hivi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Wewe ndiye kizazi kijacho kinachotajwa hapo. Unapomwuliza kiongozi wa tarafa yako kwa nini ukuta ule umesimama ndani ya mita 150, au ni msaada gani umeandaliwa kwa ajili ya miezi ya kufungwa kwa ziwa, huombi hisani. Unadai kilichoandikwa. Uliza kwa adabu, kwa maandishi, na pamoja na wenzako.

Shuhudia, kwa sababu wanaojua wako mialoni na wanaoamua wako mbali. Waulize babu na bibi zako upepo wa kiangazi ulianza mwezi gani walipokuwa vijana, samaki gani aliuzwa kwa wingi na sasa haonekani, maji yalifika wapi mwaka 1964. Andika majibu yao, tarehe na mahali. Kumbukumbu ya mzee isiyoandikwa huzama kama vile virutubishi vinavyozama, nayo haina upepo wa kuirudisha juu.

Shirikiana, na hapa Kiswahili kina kazi. Nchi hizi nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa tarehe 12 Juni 2003 jijini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake hapahapa Bujumbura. Nyaraka za mikataba ya namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mvuvi wa Uvira na mwenzake wa Kigoma hawajadiliani kwa Kifaransa wala Kiingereza wanapokutana katikati ya maji usiku; wanazungumza Kiswahili. Ikiwa elimu ya matabaka, oksijeni na upepo haitawafikia kwa lugha wanayouzia samaki, basi tutakuwa tumeifungia ghalani pamoja na fosforasi. Wewe unayejifunza lugha hii kwa ajili ya mtihani, jua kwamba unaweza kuitumia kwa kazi hiyo. Tafsiri ukurasa mmoja wa taarifa ya ziwa. Msomee mjomba wako mwaloni. Msikilize akikukosoa, kwa maana yapo mengi ambayo anayajua na taarifa haiyajui.

Naam, sasa tunaweza kuiandika ile sentensi ya tatu niliyoiahidi. Samaki wa Tanganyika wanapunguzwa na joto lililotengenezwa hasa na nchi tajiri, na tope lililotoka vilimani kwetu, na nyavu zisizo halali, na kuta zilizojengwa kwa upendeleo, na ukimya wa raia. Ni sentensi ndefu, haipendezi sikioni, na haitoshei kwenye bango. Lakini kila mtenda yumo, na kila mmoja ana sehemu yake ya kulipa. Atakayekuambia tena kwamba samaki wamekwisha, mwulize: wamemalizwa na nani? Na akikuonyesha mtumbwi mmoja, mwombe aendelee kuhesabu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya "hali ya hewa" na "tabianchi", ukitoa mfano kutoka eneo lako.
2. Badilisha sentensi "Ziwa limechafuka" iwe na mtenda. Je, watenda wangapi wanaweza kutajwa?
3. Mwandishi anaunga mkono kufungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, lakini anapinga namna unavyotekelezwa. Je, unakubaliana naye? Toa sababu mbili.
4. Andika barua rasmi kwa kiongozi wa tarafa yako kuhusu ukanda wa mita 150 wa ufukwe. Isizidi maneno 200.